Jedwali Moja, Majibu Mawili

Nikiwa naandika tasnifu ya uzamili, nililala na thamani ya p ya 0.022 nikaamka na 0.050 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo au zaidi kwa bahati tu; wengi huikubali tofauti ikiwa p iko chini ya 0.05). Data sikuigusa. Nilikuwa na kaya 20 zilizofundishwa kuchemsha maji ya kunywa na 20 ambazo hazikufundishwa. Kundi la kwanza zilichemsha 16, la pili 9. Kwenye SPSS, programu ya takwimu, nilisoma mstari wa juu wa kai-mraba, jaribio la kulinganisha idadi za makundi: 5.227, thamani ya p 0.022. Msimamizi wangu akarudia kwa R, programu nyingine ya takwimu, akapata 3.84 na p ya 0.05004. Akaniandikia maneno mawili: "Eleza, mwanangu."

Nikahesabu fomu upya. Nikalaumu kompyuta. Kumbe majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Jedwali likiwa la mbili kwa mbili, R huweka marekebisho ya Yates (hupunguza kai-mraba kidogo ili isitie chumvi data ikiwa chache) bila kuulizwa, mpaka uandike correct = FALSE. SPSS nayo huyatoa, ila mstari wa chini, na mimi sikushuka huko; nilishapata nilichokitaka. Ukurasa wa msaada wa chisq.test, amri ya kai-mraba ya R, unalisema hili waziwazi. Sikuwahi kuufungua.

Siku hizi amri nisiyoijua naisomea maelezo kwanza: mkia mmoja au miwili (inatafuta tofauti ya upande mmoja tu au pande zote mbili), marekebisho yapo au hayapo, inadhani mitawanyiko ya makundi ni sawa au la. Kisha naipa data yenye jibu linalojulikana. Napenda ile ya sleep iliyomo ndani ya R, dawa mbili za usingizi kwa wagonjwa 10, aliyoitumia mwanatakwimu Student mwaka 1908. Jaribio la t la Welch, linalolinganisha wastani bila kudhani mitawanyiko ni sawa na ambalo ndilo R huanza nalo, hutoa p ya 0.07939; ukidhani mitawanyiko ni sawa, 0.07919; ukimlinganisha kila mgonjwa na yeye mwenyewe, 0.002833. Nikipata namba nyingine, najua nimeagiza kitu nisichokikusudia.

Toleo nalo liandike. Kabla ya toleo la 1.7 la SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, amri yake ya mannwhitneyu (hulinganisha makundi mawili) usipoitajia mikia ilikupa nusu ya thamani ya p ya mikia miwili: 0.08 yako inakuwa 0.04, nawe unashangilia. Msomaji aliyeambiwa "tulitumia Python" atalijuaje hilo? (Na ile p ya ".000" ya SPSS za zamani usiinakili, andika chini ya 0.001.)

Kwenye tasnifu niliweka namba zote mbili, jina la marekebisho na matoleo ya programu. Mtahini wa nje alipita hapo bila neno. Alichouliza ni bei ya kuni.