Nimeanza Kusahau Majina, Je Ndo Naelekea Alipo Mama?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nina miaka 61, mama yangu ana 86 na ana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, sasa hivi ananiita kwa jina la dada yake ambaye alishafariki, akiuliza kitu ukamjibu anauliza tena pale pale. Ndugu zangu washaanza kusema mama alishaondoka zamani, huyu aliyebaki ni mwili tu. Sasa na mimi naanza kusahau majina ya watu, naingia chumbani nasahau nilichofuata, na usiku silali kwa hofu. Kila mtu ananiambia fikiria mazuri, sasa mazuri gani hapo jamani, si uzee ndo huu na mwisho wake naushuhudia kwa mama kila siku? Nisaidie nifikirie vipi.
Binti wa Kwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na hiyo kauli ya ndugu zako maana imeniuma, na naamini hofu yako nyingi imetokea hapo hapo. Mama yako hajaondoka. Kilichoharibika ni ile sehemu ya ubongo ya kuhifadhi habari mpya, ndo maana ukimjibu baada ya dakika mbili anauliza tena, kwake lile swali ni jipya kabisa, hakusumbui makusudi. Ila hisia zina njia yake nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, ile aina ya dimenshia inayopata watu wengi zaidi, vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha, muda mfupi baadae wengi hawakukumbuka walichokiona, mmoja hata hakukumbuka kama aliangalia filamu, lakini ile huzuni au ile furaha ilikuwa bado wanayo. Yaani sababu imeshafutika na hisia imebaki! Kwahiyo ukikaa na mama ukamshika mkono mkacheka, asije mtu akakwambia umepoteza muda eti kwa sababu jioni hatakumbuka kama ulikuja, ule utulivu anabaki nao. Na vivyo hivyo akikaripiwa, anabaki na uchungu bila kujua umetoka wapi, hili naomba ndugu zako walisikie vizuri. Na hilo jina la dada yake, we ulichukulie hivi: ndani yake anajua wewe ni mtu wake, ni mwanamke anayempenda na kumwamini, kilichompotea ni jina tu.

Alikuwepo profesa mmoja Uingereza, Tom Kitwood, miaka ya 90 alisisitiza sana kwamba tumwangalie mtu kwanza ndo ugonjwa ufuate, kwamba utu wa mgonjwa unalindwa au unavunjwa na namna sisi tuliomzunguka tunavyomtendea. Mi nakubaliana nae kabisa. Jaribu nyimbo za ujana wake, wapo wagonjwa wengi ambao kuongea kumekuwa shida lakini wimbo wanauimba mpaka mwisho. Mpe nguo akunje, mboga achambue, mikono inakumbuka kazi ambazo mdomo hauwezi tena kuzieleza. Asipokunja vizuri mwache hivyo hivyo.

Sasa wewe. Kusahau jina halafu likakujia baadae ukiwa unaoga, hiyo ni kawaida ya umri, na kuingia chumbani ukasahau ulichofuata hata vijana wa miaka 25 yanawapata. Cha kutilia maanani ni kama unapotea kwenye njia uliyoizoea, kazi uliyoifanya miaka yote inakushinda hatua zake, au watu wa nyumbani wanakwambia umebadilika na wewe huoni. Na hata hapo nenda hospitali kwanza kabla hujajihukumu, maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, sonona, baadhi ya dawa, hata kukosa usingizi kama unavyokosa wewe, vyote vinaleta usahaulifu na vinatibika.

Kuhusu kurithi, kuwa na mzazi mwenye dimenshia kunaongeza hatari kiasi lakini sio hukumu, aina zinazorithiwa moja kwa moja ni chache sana na nyingi huanza mapema, kabla ya miaka 65. Mwaka 2024 jopo la wataalam wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa karibu nusu ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, kuna presha, kisukari, sigara, kutofanya mazoezi, upweke, na masikio kutosikia vizuri! Watu wengi masikio wanayapuuza, wanaona aibu kuvaa kifaa cha kusikia, naomba usiwe mmoja wao.

Na mawazo yenyewe yana kazi. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alitoa utafiti 2018 kwamba hata kati ya wazee wenye jeni, yaani chembe ya urithi, inayoongeza hatari ya Alzheimer, wale waliouona uzee kwa jicho zuri walipata dimenshia kwa kiwango cha karibu nusu ya wale waliouona vibaya. Hii isigeuzwe kuwa lawama kwa mgonjwa eti hakufikiria vizuri, hapana, na mama yako hana kosa lolote. Ila wewe una sababu ya kuacha kujisemea "mi nishazeeka, nimekwisha" kila ukisahau funguo. Kufikiria mazuri sio kujidanganya kwamba hamna ugonjwa, ni kuhesabu na kile kilichobaki, na kwa mama bado kipo kingi.

SWALI: Shangazi shikamoo, baba ana dimenshia na kila jioni anamuulizia mama, ambaye alishafariki. Nikimwambia ukweli analia kama kasikia leo. Nifanyeje?
Kitinda mimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimrudishie msiba kila jioni, kwake unakuwa mpya kila mara. Akimuulizia, mwambie "umemmiss mama eeh? hebu niambie mlikutana vipi", atakusimulia, maana anachokitafuta ni kuwa karibu na mkewe na hapo mtakuwa mnamuongelea wote wawili. Jioni huwa ngumu kwa wagonjwa wengi, washa taa mapema kabla giza halijaingia, punguza sauti ya tivii, na saa hizo asikae peke yake.