Indiana msimu wa 2025: haikuwa bahati

Kaka, naandika haya kabla ya msimu wa 2025 kuanza. Umesema Indiana, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, walibahatisha 2024 na 2025 watarudi walikotoka. Nakubali ratiba ya 2024 ilikuwa laini. Ohio State waliwafunga 38-15, kisha Notre Dame wakawatoa 27-17 kwenye mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa. Lakini timu iliyomaliza 2023 na ushindi 3 tu haifikishi 11 mwaka unaofuata kwa bahati. Kocha Curt Cignetti alihama chuo cha James Madison na kundi la wachezaji wake, na hao ndio waliobadilisha kila kitu.

Sasa angalia waliobaki. Aiden Fisher yupo katikati ya ngome, Mikail Kamara aliyewaangusha makwotabeki (wachezaji wanaorusha mpira) mara 10 msimu wa 2024 yupo, beki D'Angelo Ponds yupo, na Elijah Sarratt bado anapokea mipira. Ni timu chache zinazobaki na uti wa mgongo kama huo, hasa siku hizi wachezaji wanapohama vyuo kila mwaka.

Kwotabeki Kurtis Rourke ameondoka, hilo ndilo pengo. Anayechukua nafasi yake, Fernando Mendoza, anatoka chuo cha California, na kule alikuwa anaangushwa mno kwa sababu safu ya mbele haikumlinda. Akipewa sekunde mbili zaidi, mkono anao.

Illinois watakuja Bloomington, nyumbani kwa Indiana. Ugenini kuna Iowa, Oregon na Penn State, na hapo ndipo nina wasiwasi kweli, maana Oregon kwao hawafungiki kirahisi. Mimi nawapa ushindi 9 au 10, na wakishinda moja kati ya Oregon na Penn State, mchujo wanaingia tena.