Jibu: Naomba maana ya "bombast", nataka maneno mazito ya barua ya kazi

Dogo, hiyo "kwa taadhima na unyenyekevu usiomithilika" uliyoweka kwenye barua yako ifute sasa hivi kabla hujaenda kuprinti. Nimesoma uzi wako tumbo likanikata.

Maana ndo hii: bombast kwa Kiingereza ilikuwa pamba, pamba kabisa, miaka ya 1500 huko Uingereza watu walikuwa wanaishindilia ndani ya nguo waonekane wana miili, baadae neno likahamia kwenye maneno yaliyojaa hewa. Sisi tungesema mbwembwe. Na mbwembwe zina pahala pake, nenda Bujora kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, uone vikundi vya Bagika na Bagalu wanavyotambiana, pale jimwage tu.

Sasa mimi niliomba kazi ya chumba cha baridi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Barua kanichapia jamaa wa steshenari hapa mjini, "bro mabosi wanapenda lugha ya juu", akanila buku tano akajaza ukurasa mzima, eti "ninajitosa katika bahari ya fursa ya taasisi yenu adhimu". Bahari, Mwanza! Siku ya usaili mama wa utumishi akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake, taratiiibu, alafu akauliza, "Kijana, umeshawahi kushika mashine ya barafu?" Nimeishika pale Mwaloni Kirumba mpaka vidole vikafa ganzi, kupanga sangara kwenye barafu ndo ilikuwa ugali wangu, ila kwenye barua haikuwemo hata nusu mstari!! Nikaanza kujitetea nikajikuta nasema "naam, kwa kadiri ya ujalivu wangu", mpaka leo sijui ujalivu ni mdudu gani. Wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Kazi akapewa jamaa aliyeandika kwa mkono mistari minne.

Yule wa steshenari bado yupo na bango kaongeza "uandishi wa kitaalamu". Shenzi taipu.

Kwahiyo neno lolote ambalo huwezi kumwambia muuza dagaa uso kwa uso bila kuona aibu, toa. Na hiyo leseni ya folklifti uliyoitaja mwishoooni kama vile unaomba radhi, ni hai au imeisha muda? Kama ni hai ipandishe mstari wa kwanza.