Usiiuze chuma chakavu

Kaka, hiyo mashine ya kukatia nyasi uliyoikuta stoo kwa babu huko Mikindani, isiyo na injini, usiwape wanunuzi wa chuma chakavu. Visu vikiwa vimejikunja kama parafujo, basi ni ya silinda, yaani visu huzunguka kama pipa na kukata nyasi dhidi ya kisu cha chini kisichozunguka. Ukoo wake unaanzia kwa Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, aliyepata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1830. Wazo alilitoa kwenye mashine ya kiwandani ya kunyolea malaika, yaani vinyweleo, vya vitambaa vya sufu. Kinyozi wa nguo akahamia bustanini!

Silinda ikiwa imekwama haizunguki, ni kutu tu, chumvi ya bahari yetu haina huruma. Mwagia dizeli kwenye beringi, iache siku mbili tatu. Nyundo weka mbali, chuma cha kusubu hupasuka. Kazi iko kwenye kunoa: paka visu ile pesti ya kusagia valvu za injini, yenye chembe za kukwaruza, zungusha silinda kinyumenyume, osha pesti yote, halafu sogeza kisu cha chini kidogo kidogo mpaka ikate karatasi ya gazeti bila kuichana. Grinda ya mkono hapana kabisa. Rangi ya zamani ikitokea chini ya kutu, mimi ningeiacha.