Nunua Mti, Usinunue Ubao

Nyuma ya karakana yangu, hapa Langoni, Lamu, pana mbao sita za mbambakofi zimeegemea ukuta. Ni mbao nzuri, nzito, nyekundu ya kupendeza. Sizigusi.

Nilizinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao nilipopata kazi ya viti viwili vya enzi. Bei ilikuwa ya chini na mimi nikafurahi, sikuuliza. Mteja, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Malindi, alipokuja kutazama kazi aliniuliza swali moja tu: "Fundi, mti huu umetoka wapi?" Nikamwambia Tanzania, maana ndivyo nilivyoambiwa. Akataka karatasi. Nikarudi kwa yule muuzaji: mara mbao zimetoka Tanzania, mara bara, mara amepewa na mtu. Kibali hana. Mama yule akadai arubuni yake, na alikuwa na haki.

Mbambakofi si mti wa mchezo. Wengi tuliokulia pwani tumechezea mbegu zake, zile nyeusi zenye kofia nyekundu. Umekatwa mno, ikiwemo msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 2022, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama, mbambakofi wa Afrika uliingizwa kwenye orodha ya miti ambayo mbao zake hazivuki mpaka kibiashara bila kibali. Mninga nao ukaingia. Kwa hiyo mtu akikwambia "hizi za Tanzania" kisha hana karatasi, hajajibu swali lako. Amekuongezea la pili.

Siku hizi sinunui ubao, nanunua mti ungali umesimama. Navuka kwa boti hadi Mokowe, naelekea mashambani, Hindi au Mpeketoni, natafuta mkulima mwenye mwembe mzee uliokoma kuzaa. Miembe ya zamani ya aina ya ngowe na boribo huwa na shina nene, na mwenyewe mara nyingi anataka nafasi apande mwingine. Nakaa naye, nakunywa chai (ukienda na haraka bei hupanda), tunaandikiana. Naupiga mti picha ukiwa na majani yake, simu inanipa namba za mahali ulipo. Kisha ndiyo ofisi ya misitu, kwa ajili ya kibali cha kusafirisha. Usilete pawasoo shambani kabla ya hapo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, miti ya mashambani haikuwamo, lakini asiye na karatasi angejitetea vipi njiani kwamba gogo lake ni la shamba?

Gogo likishaanguka, paka rangi kwenye ncha zote mbili siku hiyo hiyo. Rangi inazuia maji kutoka kwa kasi mwishoni mwa gogo, ndipo mbao zisipasuke. Na juu ya rangi hiyo naandika namba ya mti. Tukishapasua, kila ubao unapewa namba ile ile. Hufuata hadi chini ya kiti, mahali ambapo mkaaji haioni. Nina daftari la shule: namba, shamba, tarehe, kibali, nani kapasua. Hakuna programu, hakuna gharama. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka mbao zinazoingia kwao zijulikane shamba zilikokatwa, na Malindi wateja wenye jamaa Italia hawakosi. Daftari langu lina jibu hilo tayari.

Sasa, mwembe una ubaya wake na sitauficha. Bungua, yule mdudu anayeacha unga chini ya kiti, anaupenda kama sisi tunavyopenda embe lenyewe. Mbao zikipasuliwa tu, mbichi, zilowekwe katika maji ya boraksi na asidi ya boriki. Ukingoja zikauke umechelewa. Kisha zipange kivulini, fito nyembamba katikati ya kila ubao na mwenzake, upepo upite. Kanuni ya wazee ni inchi moja ya unene kwa mwaka mmoja. Kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, mimi siipunguzi. Na kama meza inakwenda Nairobi kuna hewa kavu, acha nafasi kwenye viungo vya juu ya meza, mbao zitasinyaa huko. Nililipia meza moja kujifunza hilo.

Mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, nauona bora kwa viti. Wadudu hawaupendi sana, na umejiotea kila mahali pwani. Tatizo ni shina: fupi, limejipinda. Usitarajie ubao wa futi nane.

Mbao za majahazi makuukuu nazo ni hazina, na asili yake ndiyo rahisi kuliko zote: jahazi lina jina, lina nahodha, mji mzima unalijua. Ila misumari! Pitisha sumaku kila sehemu kabla ya randa, na hata hivyo utavunja meno ya msumeno. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, haitoki upesi. Mteja mmoja alinirudishia kabati, nguo zake zilinuka papa. Tangu hapo natengenezea madawati ya barazani tu.

Gharama? Ndiyo, inapanda: boti, punda wa kubeba kutoka gatini, mwaka mzima wa kungoja. Nawaambia wateja bei mapema na wengine huondoka. Yule mama wa Malindi alirudi. Mbao za viti vyake ni namba 14, mwembe wa Hindi, na bado miezi minne zikauke.