Kabla ya kununua spika tano na sabufa, pima saloni yako

Ukiingia duka la vyombo vya muziki Lubumbashi mjini, au ukishuka hadi Kasumbalesa mpakani kutafuta bei nafuu, utakuta boksi la spika tano ndogo na sabufa moja limeandikwa wati 5000, pengine 8000. Hiyo ni PMPO, namba ya kupamba boksi. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma: kama kinakula wati 80 za umeme, hakina mahali pa kutolea maelfu. Namba ya kuuliza ni wati RMS, yaani nguvu ya kweli inayotolewa mfululizo, kwa kila spika. Kwa saloni ya kawaida, wati 50 za kweli kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Kibandiko hichohicho kina neno lingine kubwa zaidi: volti. Kikisema 120V 60Hz peke yake, kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, na siku utakapokichomeka kwenye volti 220 za SNEL, shirika letu la umeme, ndiyo siku yake ya mwisho. Tafuta 220-240V 50Hz, au 100-240V.

Sasa muziki wenyewe. Katika filamu, spika za nyuma hupewa mvua, risasi na magari yanayopita, basi watu huzichukulia kama za kujazia. Katika konseri iliyorekodiwa kwa 5.1, yaani kwa spika tano na sabufa moja, huko nyuma kunaweza kuwekwa kwaya, tumba, hata gita la pili. Spika ya nyuma ikiwa dhaifu, au ya aina nyingine, gita linabadilika sauti likihama upande. Kwa hiyo zote tano ziwe za mfululizo mmoja wa kiwanda kimoja, zenye twita (kile kispika cha sauti nyembamba) ileile. Pesa zikiwa hazitoshi, nunua mbili nzuri za mbele, baadaye ya kati, kisha za nyuma. Nyimbo nyingi za rumba na za kwaya tulizo nazo zimerekodiwa kwa njia mbili tu, kushoto na kulia, hivyo hizo mbili za mbele ndizo zitakazofanya kazi kila siku.

Chagua zenye wufa, ile koni ya sauti nzito, ya inchi 5 hadi 6.5. Zile ndogo za inchi 3 huishiwa nguvu karibu na Hz 150 au 200 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ndiyo masafa ya sauti; namba ikishuka sauti ni nzito zaidi). Hapo sabufa inalazimika kupanda kuzifuata, na ikipanda hivyo sikio linajua imekaa kona gani: besi inatoka kwenye kona huku mwimbaji yuko mbele. Chini ya Hz 80 sikio haliwezi kutambua sauti inatoka wapi, ndiyo maana mpaka wa kugawia sauti kati ya spika na sabufa huwekwa hapo. Angalia pia desibeli za spika, yaani ukubwa wa sauti inayoutoa kwa wati moja: yenye 87 inahitaji nusu tu ya wati ambazo yenye 84 inazihitaji ili zilingane kwa sauti.

Kuhusu sabufa, usinunue kwa ukubwa wa tumbo. Kamba nene ya gita la besi, ile ya mi, hupiga Hz 41. Besi ya kamba tano hushuka hadi si, Hz 31. Sabufa inayofika Hz 30 au 35 bila kukoroma inashika sebene yote. Hz 20 ni mambo ya milipuko ya filamu, na bei yake ni kubwa. Kwa saloni ya mita 5 kwa 4, sisi tunapendekeza inchi 10, boksi lililofungwa lisilo na tundu, wati 150 hadi 200 RMS. Boksi lenye tundu hutoa kelele nyingi kwa wati zilezile, lakini chini ya masafa ya tundu sauti huporomoka desibeli 24 kwa kila okteva, yaani kila masafa yanaposhuka nusu, wakati lililofungwa hushuka 12 tu, na kuta za chumba hulisaidia. Besi yake hukatika safi kamba inaponyamaza. Ukiwa na pesa ya inchi 15 moja, afadhali mbili za inchi 10 kwenye pande mbili zinazoelekeana.

Chumba ndicho kinachoharibu besi kuliko kitu kingine chochote. Chukua 171.5 ugawe kwa urefu wa ukuta kwa mita: mita 5 inatoa Hz 34, mita 4 inatoa 43, dari ya mita 3 inatoa 57. Hayo ndiyo masafa ambayo saloni yako itayavimbisha. Fa ya chini ya besi ni Hz 43.65, basi katika saloni ya upana wa mita 4 noti hiyo moja itanguruma huku jirani zake zikipotea, na mwenye nyumba atalaumu sabufa. Kuta nzito za matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu, zinarudisha karibu besi yote ndani. Nyumba ya mbao kama zile za Goma ni kinyume: besi inatoka nje kupitia kuta, mngurumo unapungua, lakini sabufa inahitaji nguvu zaidi na mbao zinatetemeka.

Namna ya kuipatia mahali pake: weka sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi, kisha tambaa kwa magoti kandokando ya kuta. Pale ambapo noti zote zinasikika sawa, hapo ndipo sabufa ikae. Kona huongeza kelele na mngurumo kwa pamoja. Sofa nayo isibanwe ukutani. Ivute angalau sentimita 60, kwa sababu besi hurundikana kwenye ukuta.

Spika mbili za mbele ziachane kwa umbali uleule ulio kati ya kila moja na kiti, twita zikilingana na masikio. Za nyuma zikae pembeni na kurudi nyuma kidogo ya masikio, nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele, wala si kwenye kona za dari.

Kwenye resiva, ile amplifaya inayoendesha spika zote, ziandike spika zote kuwa ndogo (Small) na mpaka uwe Hz 80, kisha zungusha kitufe cha mpaka kilichoko kwenye sabufa hadi mwisho wa juu. Wengi hukosea hapa: wanaacha vyote viwili vikichuja, na besi ya kati inapotea. Halafu piga sauti ya Hz 80, badilisha swichi ya fezi (phase) iliyoko kwenye sabufa kati ya 0 na 180, acha ile inayosikika kwa nguvu zaidi. Sawazisha kila spika kwa desibeli 75 ukiwa kitini. Programu ya simu inatosha kulinganisha spika tano, ila kwa besi ya chini simu hudanganya, tumia masikio.

Plafoni ya tripleksi, mabati na vioo vya madirisha vitalia. Piga sauti inayopanda kutoka Hz 30 hadi 100 polepole, bonyeza kwa mkono kila kinachotetemeka, kisha kaza skrubu au pachika kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Waya uwe wa shaba: mm² 1.5 hadi mita 10 kwa spika ya omu 8 (ukinzani wake, umeandikwa nyuma), mm² 2.5 kwa omu 4 au safari ndefu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

Kwa spika zilizotumika Ulaya, gusa ukingo unaoshika koni. Wa sponji ukizeeka humomonyoka kidoleni. Wa mpira hudumu. Spika ya omu 8 ikipimwa kwa multimeta husoma kama 5.5 hadi 7. Isiposoma kitu, koili imekatika. Gusisha betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni itoke nje. Ikiingia ndani, mtu aliwahi kuifungua na kuigeuza waya.

Umeme ukipanda na kushuka, weka stabilaiza ya VA 1500 au zaidi kwa resiva na sabufa pamoja. Inveta iwe ya wimbi safi, kwani ya wimbi la ngazi huleta mlio usiokoma ndani ya spika. Na mvua za Novemba zikianza, radi ikisikika chomoa plagi pamoja na waya wa dishi, maana huko nako radi huingilia, ikapita kwenye waya wa HDMI na kuua resiva iliyokwisha kuchomolewa umeme.