Albamu ya laivu ya kuanza nayo

Ndugu, umeuliza uanze na albamu gani ya laivu, maana kelele za watazamaji zinakukera. Anza na "Live!" ya Bob Marley & The Wailers, iliyorekodiwa ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975.

Sikiliza kwanza "No Woman, No Cry" ya studio, ya 1974: fupi, ya haraka kidogo, mdundo wa mashine. Halafu weka ile ya Lyceum. Kinanda kinaingia taratibu, na kabla Marley hajaanza ubeti, ukumbi mzima unaimba kiitikio. Wimbo unapita dakika 7, wala huoni urefu. Zile kelele unazozichukia ndizo zinazoubeba. Ziondoe, wimbo unabaki mifupa.

Ukimaliza, nenda kwa albamu ya laivu ya Sam Cooke, mwimbaji wa soul wa Marekani, iliyorekodiwa klabu ya Harlem Square Club, Miami, Januari 1963. Kampuni yake ya muziki ilikaa nayo hadi 1985 ndipo ikaitoa. Kwangu mimi hapo ndipo alipo Cooke mwenyewe: sauti inakwaruza, unalisikia jasho.

Tafadhali, usirukeruke nyimbo. Sikiliza mfululizo, usiku, sauti juu.